Bei za vipande na hisa ndani ya GnuCash: nimefuta, naanza upya

Jumamosi, 28 Juni. Vipande vyangu vya Mfuko wa Umoja, yaani sehemu zangu katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, vina bei ya tarehe 6 Desemba, na Desemba yenyewe haijafika. Ndivyo nilivyogundua.

Kwa wasionifuata tangu mwanzo: GnuCash, programu ninayotunzia hesabu zangu, huvuta bei mtandaoni kupitia programu saidizi iitwayo Finance::Quote. Kwa bei ya dola nilichukua ufunguo wa bure wa Alpha Vantage, huduma ya data za masoko, kazi ikaisha. Tabu ni vipande na hisa za hapa nyumbani. Katika orodha ya vyanzo iliyokuja na toleo langu sikuiona DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) wala mifuko ya UTT AMIS, kampuni inayosimamia Mfuko wa Umoja, kwa hiyo nanakili majedwali yao ya bei, skripti fupi ya Python inayageuza kuwa faili la CSV (safu zake hutenganishwa kwa koma), kisha naliingiza kama bei.

Sasa kosa. Skripti yangu ilikuwa inaandika 12/06 ikimaanisha siku kwanza, ila kwenye dirisha la kuingiza nilikuwa nimeacha mwezi kwanza. Bei za mwanzo wa Juni zikatawanyika hadi Desemba, kila moja tarehe 6 ya mwezi wake. Kuanzia 13/06 programu ikaikataa mistari kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Onyo nililiona, nikadhani ni bei zinazojirudia, nikabonyeza kuendelea! Nimefuta zote. Skripti sasa inaandika 2025-06-12, na ubishi umekwisha.

Koma nazo. Jedwali likiandika 1,250.00 bila alama za kunukuu, CSV inaikata pale pale, na hisa inakuwa na bei ya shilingi moja. Jumanne nilifilisika kwa dakika kumi hivi. Mstari mmoja wa replace kwenye skripti, unaoondoa koma, umemaliza.

Kilichonichukua muda zaidi si programu. Mfuko una bei ya kukuuzia kipande na bei ya kukinunua tena kwako, na mara nyingine hazilingani. Mwanzoni nilikuwa naingiza ile ya juu kwa sababu ripoti inapendeza. Lakini nilicholipa tayari kimo kwenye muamala wa ununuzi. Ninachotaka kujua ni nitapata ngapi nikiuza leo. Nimehamia bei ya kununuliwa tena. Mwenzangu kazini anasema hizo ni senti tu. Labda kwa vipande vyake.

Pia nimeruhusu desimali nne kwenye idadi ya vipande, la sivyo salio halikubaliani na taarifa ya mfuko. Hisa zangu za benki za CRDB na NMB ni namba kamili, hazina shida hiyo.

Bado: skripti inaweka tarehe ya siku nilipoiendesha, si ya siku ya soko. Leo DSE imefungwa, lakini skripti imeandika bei za jana kwa tarehe 28. Nimezirudisha 27 kwa mkono.