Nilivyokutanisha nyumba mbili za babu yetu Marangu

Babu yetu mzaa baba aliacha nyumba mbili Marangu: nyumba ya juu ya bibi mkubwa na nyumba ya chini ya bibi mdogo. Katikati kuna safu ya masale, mimea tunayopanda mpakani, na mfongo mwembamba wa maji ambao tukiwa watoto tuliuruka bila hata kukimbia. Mimi ni wa nyumba ya juu. Nilifika miaka 41 sijawahi kula chakula nyumba ya chini, na jogoo wao ndiye aliyekuwa akituamsha.

Babu alipofariki mwaka 1986, wanawe waligombania mibuni iliyokuwa ukingoni mwa mfongo. Mibuni yenyewe iling'olewa zamani, bei ya kahawa ilipowakatisha watu tamaa, na mahali pake pakapandwa migomba. Ugomvi ukabaki. Kila Desemba tulipanda mlimani kama Wachagga wengine wote, barabara imejaa magari kuanzia Chalinze mpaka Himo, tukifika kila nyumba inachinja mbuzi wake upande wake wa masale. Tulikuwa tunasikia vicheko vyao usiku.

Kilichonisukuma ni mwanangu. Mwaka 2023 alianza kidato cha kwanza hapa Dar, akarudi siku moja na kuniambia kuna mwenzake darasani wana jina moja la ukoo, na yule naye kwao ni Marangu. "Baba, yule ni nani kwangu?" Niliuliza jina la baba yake, nikajua palepale. Ni mjukuu wa nyumba ya chini. Damu moja, dawati la mbele na la nyuma, na hakuna aliyemjua mwenzake. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya siku hizi, nikafungua kundi la WhatsApp. Nilitafuta namba wiki mbili nzima nikapata za watu 46 wa pande zote. Nikaandika ujumbe mrefu wa heshima, nikapendekeza tarehe, nikaweka na mchango wa shilingi 100,000 kwa kila kaya. Nyumba ya chini wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hadi jioni wamebaki wawili, nao hawakujibu neno. Hata wa kwetu wengine walikaa kimya, na nilikuja kujua baadaye kwamba ule mchango uliwabana. Mtu hana ada ya mtoto, wewe unamwambia laki moja ya sherehe, atafanya nini kama si kunyamaza?

Septemba nikaenda nyumbani mwenyewe kumwona shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba ya juu sasa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anapepeta ulezi, akaniuliza swali moja tu: "Ulimwalika baba yako mdogo kwa simu?" Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, neno hili halipiti kwenye simu."

Akatoka, akakata jani la isale pale mpakani, akalikunja na kulifunga fundo, akanipa nilishike mkononi. Kwetu isale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ndiyo linaloonyesha ardhi yako inaishia wapi. Lakini jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, ni ombi la msamaha, na anayeletewa hakatai. Nilikuwa nalijua hilo kama hadithi za wazee. Sikuwahi kulibeba.

Nikavuka mfongo. Baba mdogo alikuwa bandani anawakatia ng'ombe mgomba, panga mkononi, buti zimejaa matope. Aliponiona alisimama tu. Kisha macho yake yakashuka kwenye jani. Akachomeka panga kwenye shina la mgomba, akaenda kwenye ndoo akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavua kofia, akaja akalipokea kwa mikono miwili.

"Nani kakutuma?"

"Shangazi."

Alikaa kimya muda mrefu, analigeuza lile jani. "Mwambie dada yangu nimepokea." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nilikula ndizi na maharage kwenye ile nyumba, saa nane mchana, na nilishindwa kumeza vizuri kwa sababu koo lilikuwa limebana.

Baada ya pale mambo yakaenda kwa kasi ambayo sikuitegemea. Waliotoka kwenye kundi walirudi wenyewe. Mchango tuliufuta kama sharti, tukasema kila kaya ilete ilichonacho. Aliyeko Mbeya akaleta mchele, wa Arusha akaleta magodoro, asiye na kitu akasema atakuja mapema kufyeka na kusafisha makaburi ya babu na bibi zetu pale kihambani. Huyo nilimshukuru kuliko wote. Tarehe ilitusumbua kidogo, maana Desemba huku ni ndoa, ubatizo na kipaimara kila wikiendi, tukaishia kuchagua tarehe 27. Tiketi za basi tulianza kukata Novemba. Vijana saba walipanda treni ya Dar–Moshi, ile iliyorejea mwaka 2019, na walifika wamechoka ila wana hadithi za njia nzima.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Shangazi alipanga kwamba ndizi zichemshiwe nyumba ya chini na ulezi uandaliwe nyumba ya juu. Wiki nzima kabla, wanawake wa chini walichemsha ndizi mbivu kwenye pipa, kuni zinawaka kutwa, mpaka zikawa nyekundu, wakaziacha zikae. Kwetu ulezi uliloweshwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Siku ya kuchanganya ilibidi wakutane. Uji wa ulezi ulibebwa kuvushwa mfongo na watu wanne, na maji ya ndizi yalikuwa yameshakamuliwa yanasubiri. Mke wa baba mdogo akaonja kwa kata, akasema msesewe, lile gome la kutia uchungu, umepungua. Shangazi akaonja, akasema umetosha. Wakabishana pale kama mawifi, kwa sauti, na kila mtu akatabasamu, kwa kuwa kwa miaka 37 hawakuwahi kubishana hata juu ya chumvi.

Siku yenyewe tulichinja ng'ombe mmoja na mbuzi watatu. Kwetu nyama haikatwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha mkubwa. Miaka yote hiyo kila nyumba ilikuwa na kidari chake na mkubwa wake. Kaka yangu ndiye alikuwa na kisu. Alikitoa kidari kizima, akakilaza kwenye jani la mgomba, na watu wakanyamaza kuona anakipeleka wapi. Akampelekea baba mdogo. Mzee akaomba kisu, akakikata katikati mbele yetu sote, akamwita mjukuu mmoja apeleke nusu kwa shangazi. Shangazi akafunika uso kwa khanga.

Mchana niliwapa watoto karatasi nne za manila na kalamu za rangi, nikawaambia wazunguke kwa wazee waulize nani kamzaa nani. Nilidhani watachoka baada ya nusu saa. Walikaa hadi jua linazama. Wazee waliwagombania, kila mmoja anataka aandikwe vizuri, na marehemu wao wasisahaulike. Yalifika majina 137. Karatasi mbili zilikuwa za bibi mkubwa na mbili za bibi mdogo, wakazibandika kwa solotepu ukutani, jina la babu likakaa juu ya maungio, nusu huku nusu kule.

Tulipokuwa tunapakia mizigo asubuhi ya tarehe 29, ukungu bado haujaondoka na kilele cha Kibo hakionekani, mwanangu alikuja ameshikana mikono na yule mwenzake wa darasani. Baba yake ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Kijana akaniamkia, akaangalia kidogo ukutani, kwenye zile karatasi, kama anayehakiki.

"Baba mdogo," akasema, "nafasi ipo kwenye gari nirudi na ninyi?"

Gari lilikuwa limejaa ndizi mpaka madirishani. Tukashusha mikungu miwili.