Nukta za Mjomba

"Kwa hiyo nukta hutengenezi wewe."

Leo siku ya tano na maneno hayo bado yamenikaa kooni. Mjomba aliyasema taratibu, miwani imeshuka puani, mkononi ameshika padeli yangu mpya, kifaa cha kutumia kutuma Morse, ile lugha ya redio ya milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari). Hakukasirika wala hakucheka. Nami, badala ya kumweleza, nikasema, "Ni nzuri kwa anayeanza, mjomba." Akaiweka mezani. "Haya."

Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Mnaomjua mjomba mnaelewa. Miaka yote ile ya melini alikuwa afisa wa redio, mpaka Morse ilipoondolewa rasmi kwenye mawasiliano ya dharura ya meli mwaka 1999. Kwake yeye kibonyezo ni kile cha kushuka na kupanda: mkono ukikaa chini kidogo ni nukta, ukikaa mara tatu ya hapo ni kistari. Padeli yangu ina mabapa mawili yanayosukumwa ubavuni. Dole gumba likigusa, redio inatoa nukta. Kidole cha shahada kikigusa, inatoa vistari, na vyote inavipima yenyewe. Hapo alikuwa na haki: nukta natoa mimi, ila urefu wake sipimi mimi.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito, dada amejifungua salama na ofisini idara yetu imevunjwa, lakini kila nikikaa kimya ninachosikia ni "haya".

Nilichotakiwa kumjibu ni hiki. Mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa niliufanya bila Morse, maana tangu 2003 kanuni za kimataifa zimeiachia kila nchi iamue yenyewe kama itaidai. Hakuna anayenilazimisha, najifunza kwa mapenzi tu. Na kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, kitu cha kwanza si mkono, ni sikio. Ndiyo maana nilitangulia kununua hedifoni nzuri zinazofunika masikio, halafu nikaanza na herufi mbili tu, K na M, kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika. Kwa kasi hiyo nukta moja ni milisekunde 60. Huwahi kuihesabu, inabidi uitambue herufi nzima kwa mlio wake, kama unavyotambua sauti ya mtu kabla hajataja jina. Nikipata tisa katika kila kumi, naongeza herufi. Sasa ninazo kumi.

Padeli inanisaidia kwa sababu kila ninachotuma kinarudi sikioni kikiwa na kipimo sahihi. Kosa langu linabaki kuwa moja, herufi niliyochagua, si urefu wa mlio. Ningeanza na kibonyezo cha mjomba, ningejisikiliza nikikosea kipimo kila siku na kukizoea. Hilo naliamini mpaka sasa, na anayeniuliza aanze na nini namwambia hivyohivyo. Ila asinunue padeli nyepesi kama yangu. Kitako chake hakina uzito. Ukisukuma, inateleza na kukukimbia mezani. Mkono wa kushoto umekuwa kazi yake ni kuishikilia.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Mdomoni ikatoka "ni nzuri kwa anayeanza".

Jana jioni mjomba akaja bila kupiga simu, na kifuko cha kitambaa. Ndani yake kibonyezo chake cha shaba, kitasa cheusi kimelika upande mmoja pale kidole kilipokuwa kikilala. Alikuwa amekifungia waya mpya wenye plagi ndogo. Akachomoa padeli yangu, akachomeka yake, na kabla hajagusa chochote redio ikaanza: vistari, vistari, vistari, bila kukoma. Akaurudisha mkono haraka.

"Nimekuharibia, mjomba."

Sijawahi kumsikia na sauti ile. Nikamwonyesha plagi: yake ina pete moja nyeusi, ya padeli ina mbili. Tundu lilikuwa bado limewekwa kwa padeli, kwa hiyo chuma kirefu cha plagi yake kiligusa mguso wa vistari na kuushikilia, redio ikadhani nimebana bapa moja siachii. Hakuna kilichoungua, na hewani hapakwenda kitu maana nilikuwa kwenye mazoezi. Nikabadilisha mpangilio. Kimya. Akapumua.

Akaniuliza ninazo herufi gani. Nikamtajia: K, M, U, R, E, S, N, A, P, T. Akafikiri kidogo, akakaza skrubu ya springi kwa kucha, akapitisha kipande cha karatasi katikati ya migusano kupima nafasi, kisha akatuma neno moja. Hakutumia mkono wote, kifundo tu kilikuwa kikicheza.

Niliandika N. U. K. T. A.

Akarudia. Mara ya pili nikasikiliza mkono wenyewe, si herufi. Nukta zake hazilingani. Mbili za U zinakimbizana, na kistari cha mwisho cha A anakivuta kidogo kuliko kipimo, kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kuaga. Mashine yangu haitavuta vile. Nikimsikia hewani leo, katikati ya watu mia, nitajua ni yeye.

Hakuigusa padeli, na sikumwomba. Tulikaa mpaka saa nne, yeye akituma, mimi nikiandika, nikikosea P kila mara. Ameondoka akakiacha kibonyezo mezani, nami sijui amesahau au amenipa. Kumpigia kumuuliza naona vibaya, nisipouliza pia naona vibaya.

Ningelala sasa, lakini Zuhura anakohoa tena chumba cha pili, kikohozi kilekile kikavu cha mwezi uliopita, na dawa ile iliisha.