Uyoga wa chuma

Binti yangu amegundua mchezo. Huchukua vile viuyoga viwili vya chuma vinavyokaa dirishani kukandamiza karatasi, huvisimamisha sakafuni juu ya kofia zao, kisha huvizungusha kama pia. Kimoja huzunguka mpaka yeye mwenyewe achoke kukitazama. Kingine hukwaruza sakafu, husota nusu duara na kusimama.

"Baba, mbona hiki hakitaki?"

Hakitaki kwa sababu ya mambo ya mwaka 2009.

Ni tapeti, vile vipande vya injini vinavyosukumwa ili valvu zifunguke, za Kobe, gari yangu aina ya Volkswagen Beetle. Mwaka ule injini yake, ile ya 1500, ilikuwa imechoka. Tuliposhusha na kupasua bloku tukakuta nundu moja ya kamshafti, ule mhimili ambao nundu zake ndizo husukuma tapeti, imechimbika. Kamshafti mpya ilipatikana Mombasa, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Tapeti mpya hazikuwepo, muuzaji alisema nisubiri mwezi. Nikazitazama za zamani: zinang'aa kama kijiko cha harusini. Nikasema hizi ni nzima.

Hapo inabidi nieleze injini ya Volkswagen Beetle ilivyo, maana ubahili wangu ulifanyika mahali pabaya kupita pote. Silinda nne zimelala mbilimbili, kulia na kushoto, na kamshafti imekaa chini ya krenkishafti (krenki), mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Valvu ni nane lakini nundu ni nne tu. Kila nundu inasukuma tapeti mbili, moja kila upande: silinda ya 1 na ya 3 zinashirikiana, ya 2 na ya 4 vilevile. Kwa hiyo nundu moja ikifa, silinda mbili zimekwenda. Na tapeti zenyewe, kwa kuwa zina umbo la uyoga, kofia ikiwa upande wa kamshafti, haziwezi kuchomolewa kwa juu. Ukitaka kuzitoa unashusha injini, unatoa silinda hedi, unatoa silinda, unapasua bloku katikati. Kazi yote ile, kwa tapeti.

Nilifunga mwenyewe. Jino lenye alama ya 0 la gia ya kamshafti likae katikati ya vitone viwili vya gia ya krenki, grisi kidogo kwenye tapeti za upande unaopinduliwa zisidondoke, bloku ikafungwa. Nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo unaoachwa kwenye valvu, nikaseti milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Oili lita mbili na nusu. Injini ikawaka mara ya pili tu ya kupiga stata, na mimi, kwa furaha, nikaiacha sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi nikiwaita majirani waje wasikie.

Kilometa mia tatu baadaye Kobe alianza kutema kwenye kabureta. Nguvu ikaisha kilimani. Nikafungua vifuniko vya valvu: egzosi ya silinda ya 1 na ya 3 fila geji, kile kibati cha kupimia uwazi, ilipita milimita 0.40 bila kugusa kitu. Nikaseti upya. Siku tatu, zikalegea tena. Nikamwaga oili, nikafungua kile kisahani cha chini chenye nati sita, nikachomoa chujio la waya. Oili ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi linalometameta kama pambo la kucha. Na injini hii haikutoka kiwandani na filta ya karatasi, ina lile chujio tu. Vumbi laini kama lile linapita na kwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Safari hii nilimpelekea fundi mmoja mzee. Sitamtaja, hapendi. Aliipasua injini asubuhi moja bila haraka, akanyamaza muda mrefu, halafu akaniita nje kwenye jua.

Alikuwa ameshika tapeti yangu moja mkono wa kushoto, kofia ikitazama juu, na mkono wa kulia rula fupi ya chuma. Akaisimamisha rula kwa ubavu wake mwembamba, ikavuka kofia kutoka ukingo hadi ukingo, akainua vyote viwili usawa wa macho yangu, jua likiwa nyuma yake.

"Unaona nini?"

"Naona mwanga, mzee."

"Wapi?"

"Katikati."

"Haya." Akaingiza mkono kwenye kopo la maziwa alilowekea vikorokoro, akatoa tapeti nyingine ambayo haijawahi kufanya kazi. Akaweka rula vilevile. "Na hii?"

Mwanga ulikuwa pembeni, pande zote mbili, uzi mwembamba mno. Katikati palikuwa giza.

Akanikabidhi zote mbili, niziwekee rula mwenyewe, niwe na hakika. Tapeti mpya imevimba katikati, kidogo sana, jicho peke yake halioni. Haikai kati kwa kati ya nundu, imesogea kando, na kule kuvimba pamoja na kusogea ndiko kunakoifanya izunguke kila inaposukumwa. Ikizunguka, haisuguliwi mahali pamoja. Ikikaa miaka na nundu yake inabonyea, na zile mbili zinakuwa zimezoeana kama kiatu na mguu. Ukimletea mguu mgeni, kamshafti mpya, kofia iliyobonyea inamgusa kwa ukingo badala ya tumbo. Haizunguki. Uzito wote wa springi unaangukia mstari mwembamba, ile ngozi ngumu ya nundu inatoboka, na chini yake chuma ni laini.

"Tapeti mpya kwenye kamshafti ya zamani iliyo nzima, ruhusa," mzee alisema. "Za zamani kwenye kamshafti yao wenyewe, ruhusa, kila moja irudi tundu lake. Za zamani kwenye kamshafti mpya..." Hakumaliza. Aliniuliza nilizipangaje. Nikamwambia nilizitia zote nane kwenye karai la petroli nikazisugua. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaniuliza niliiwashaje, nikamweleza na hilo. Hakucheka. Nundu za kamshafti hii hupata oili inayorushwa na krenki. Sailensa hairushi kitu cha maana, na katika mwendo mdogo ndipo springi inakandamiza ncha ya nundu kwa nguvu zaidi. Kamshafti mpya hupakwa dawa nzito ya molibdenamu, injini ikiwaka tu inapelekwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, unaipandisha na kuishusha humo humo kwa dakika ishirini, kisha oili inamwagwa. Na oili yenyewe iwe na zinki ya kutosha. Nyingi za magari madogo ya siku hizi zimepunguziwa zinki na fosforasi kulinda vichujio vya egzosi, ambavyo Kobe hana. Pia kuhusu fila geji alinisahihisha: nafasi ya tapeti hupimwa mgongoni mwa nundu, kwa hiyo ncha inaweza kulika nusu na usione kitu. Kilichokuwa kinalegea ni uso wa tapeti. Ncha utaijua kwa kupima valvu inafunguka kiasi gani, na kulinganisha na wenzake.

Tulifunga upya na vitu vyote vipya, beringi zikiwemo, kwa pesa ambazo hata leo mke wangu ana hesabu yake. Kabla ya kufunika bloku mzee alitia doa la wino kwenye kila tapeti, tukageuza krenki kwa mkono, tukatazama madoa yakihama. Gari ya aina hii ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1954 na tena 1962, na mimi yangu niliiua kwa kuwaita majirani. Au kwa karai. Au kwa kile king'aacho. Nilifanya makosa matatu kwa mpigo, kwa hiyo siwezi kuapa ni lipi hasa lililoua nundu, ingawa mzee hakuwa na shaka.

Nilipomweleza binti yangu, kwa ufupi kuliko hivi, aliuliza kama kibovu hakiwezi kutengenezwa. Kinaweza, kwa mashine inayokirudishia ule mviringo wake. Anayekinyoosha kiwe bapa tu anakuharibia kwa heshima.

Hakusikiliza mpaka mwisho. Anataka kalamu ya wino. Anasema akitia doa kofiani ataweza kuhesabu mizunguko.