Nilivyolituliza gitaa langu lenye tumbo tupu

Kila aliyelisikia gitaa langu alinipa ushauri uleule: "Braza, badilisha pikapu," yaani zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Ni nakala ya Kikorea ya Gibson ES-175, gitaa lililotoka mwaka 1949: tumbo tupu kabisa, matundu mawili ya umbo la f, na daraja la mbao lisilofungwa kwa skrubu, linaloshikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Nalipigia ridhim kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Nililinunua la mtumba, likiunguruma, likipiga mluzi kila sauti ikipandishwa, na noti zikipinda kadiri unavyopanda shingo. Pikapu sikuzigusa.

Nilianza na daraja, maana ndipo mtetemo wa nyuzi unapopita kuingia kwenye mbao. Nilipochomeka karatasi ya risiti chini ya mguu wake, upande mmoja ilizama hadi katikati. Mguu ulikuwa haukai sawasawa juu ya mwinuko wa kifua, ule ubao wa mbele wa gitaa. Nikabandika selotepu ya karatasi kulinda rangi, juu yake nikaweka msasa namba 120, upande wenye makali juu, palepale daraja linapokaa, kisha nikalisugua kwa hatua fupifupi, mbele na nyuma. Mkono ukiyumba tu, kingo za mguu zinaliwa na unazidi kuharibu. Nikamalizia na namba 240. Mwishoni karatasi haikupata pa kupenya.

Kisha mahali pa kuliweka. Urefu wa nyuzi kwenye gitaa hili ni milimita 628, hivyo kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye ncha ya shingo) hadi freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kinachokatiza shingo, ni 314, na daraja linakaa umbali huohuo kutoka freti ya 12, na zaidi kidogo. Hicho kidogo kinatafutwa kwa sikio na tyuna: noti ya kubonyeza kwenye freti ya 12 ikiwa juu kuliko ile ya kuugusa uzi tu hapohapo bila kuubonyeza, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ila uzi wa tatu uligoma. Daraja hili limechongwa kwa uzi wa tatu uliosokotwa, na mwenye gitaa wa kwanza alikuwa amefunga seti nyembamba ya 10 (uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010), ambayo uzi wake wa tatu ni waya mtupu. Nilipofunga seti ya 12 yenye uzi wa tatu uliosokotwa na kukaza kile chuma kilichomo ndani ya shingo robo mzunguko, ule upotofu ukaisha. Siku hizi nabadilisha uzi mmoja mmoja. Ukizilegeza zote kwa pamoja, daraja linadondoka na kazi inaanza upya.

Mngurumo ulikuwa wa umeme. Kwa kawaida ukigusa nyuzi mngurumo hupungua; kwangu haukubadilika hata kidogo, dalili kwamba waya wa athi haufiki. Nilifungua kishikio cha nyuzi mkiani nikaukuta ncha yake imegeuka kijani kwa hewa ya chumvi. Nikaikata, nikakwangua chuma, nikaurudisha chini ya skrubu.

Kwa kuwa volyumu nazo, zile za kuzungusha kwa vitasa, mbili za sauti na mbili za toni, zilikuwa zikikwaruza, niliamua kubadilisha zote nne. Kwenye maduka ya vifaa vya redio Kariakoo zimejaa za B500K, ambazo hupanda kwa kiwango kilekile mwanzo hadi mwisho. Mimi nilitafuta A500K, ambazo sauti yake hupanda taratibu kama sikio linavyosikia. Mzee mmoja fundi redio alilitazama gitaa, akachungulia tundu la f, akacheka: "Mwanangu, hii ni redio yenye shingo, ila aliyeitengeneza kasahau kuweka mlango." Ndipo penye kazi. Kila kitu kinaingia na kutoka kupitia tundu hilo jembamba. Nilitoboa kipande cha boksi matundu manne kwa umbali uleule wa kwenye gitaa, nikapanga volyumu humo na kulehemu zote nje, pamoja na kapasita za toni zilizoandikwa 223. Kwenye volyumu mbili za sauti niliongeza kapasita iliyoandikwa 102 na rezista ya kilo-omu 150 (kahawia, kijani, manjano) ili sauti isifubae ninapoipunguza kumpisha mpiga solo.

Kuzirudisha ndani nilitumia mpira wa mafuta wa pikipiki. Unaupitisha kwenye tundu la kitasa hadi utokee kwenye f, unaukandamiza juu ya mhimili wa volyumu, unavuta polepole. Unabana vizuri kabisa. Jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, niliivuta kwa waya mwembamba uliofungwa fundo nyuma.

Mluzi haukuisha wote, wala hautaisha. Kifua tupu kinatikiswa na spika, nacho kinatikisa nyuzi. Wapo wanaojaza sponji tumboni. Sipendi, linaua sauti niliyolinunulia. Nilikata kandambili kuukuu kwa umbo la f, vipande viwili vinavyobana kwenye matundu jukwaani na kutolewa nyumbani. Gibson wenyewe walipotoa gitaa la Lucille la B.B. King, mpiga blues wa Marekani, mwaka 1980, waliliacha bila matundu kwa sababu hiyohiyo. Pia napunguza besi kwenye amplifaya na kusimama ubavuni mwake.

Wakati wa masika kifua huvimba kidogo na nyuzi hunyanyuka, nami hushusha daraja kwa magurudumu yake mawili. Nati bado ni ya plastiki na uzi wa pili hukwama humo ninapotyuni. Nimeshapata kipande cha mfupa wa ng'ombe, natafuta tupa nyembamba ya kukichongea.