Paka mzee anayekula sana huku anakonda

Paka akiacha kula, nyumba nzima huona. Akianza kula kuliko zamani, watu hufurahi, na hapo ndipo ugonjwa hupita bila kutambuliwa. Paka aliyevuka miaka 10, anayemaliza sahani na kulilia nyingine huku mifupa ya mgongo ikijitokeza, ni mgonjwa. Mara nyingi ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au ni kisukari. Mwenye shida ya tezi hatulii: hulia usiku, moyo humwenda mbio, manyoya huchakaa, pengine hutapika. Mwenye kisukari hunywa na kukojoa sana, na ugonjwa ukikomaa hutembea akikanyagia visigino vya nyuma. Dawa ya minyoo mpe, hasa kama anakamata panya, lakini usiishie hapo.

Macho hayatoshi, kwa sababu manyoya huficha na tumbo laweza kubaki nene wakati nyama ya mgongo inaisha. Mpime kila mwezi, asubuhi kabla hajala. Mizani ya kupandwa na mtu hukosea kwa mnyama mdogo. Bora umtie kwenye kikapu chenye kifuniko, ukitundike kwenye mizani ya kuning'iniza kama ya wauza nyama, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200, rudia kupima baada ya wiki. Akipungua gramu 400, hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili wake, mpeleke.

Maji pia hupimwa. Mimina mililita 500, kesho saa ileile pima yaliyobaki. Hapa Bukavu mvua ni nyingi na kila nyumba ina ndoo chini ya bati, kwa hiyo zifunike zote siku hiyo, la sivyo hesabu itakudanganya. Mililita 50 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kawaida. Zikipita 100, tafuta ugonjwa. Anayekunywa sana lakini anakula kidogo, anatapika na kinywa kinanuka, mfikirie figo. Usimnyime maji kamwe, hata kama anakojoa ndani.

Anayeacha chakula, mwangalie anavyoacha. Akinusa na kugeuka, huenda ana kichefuchefu au pua yake imepungua nguvu. Akishika kipande na kukiangusha, akitafunia upande mmoja, mate yakimtoka, ni meno. Lakini kama hajachanjwa, mate yanamtoka na tabia imebadilika ghafla, usiingize kidole kinywani: kichaa cha mbwa hushika paka pia. Mfungie chumbani, mwite veterineri. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwenye pua dhaifu husaidiwa na joto. Chemsha sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) mbichi bila chumvi, ziponde pamoja na mchuzi wake (sehemu ya virutubisho vinavyolinda macho na moyo wa paka huingia majini), umpe zikiwa vuguvugu, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Fufu hujaza tumbo tu, haichukui nafasi ya samaki wala nyama. Mabaki ya mboga yenye kitunguu au kitunguu saumu ni hatari, huharibu chembe nyekundu za damu. Samaki mkavu wa chumvi haumfai mwenye figo mbovu. Wala usimsukumie chakula mdomoni akiwa na kichefuchefu, atakichukia hata akipona.

Saa 24 bila kula chochote zatosha kumpigia veterineri. Ikifika siku ya pili au ya tatu, hasa kwa paka mnene, mafuta hujaa kwenye ini. Fizi na weupe wa macho hugeuka njano. Parasetamoli usijaribu hata kidogo: nusu kidonge cha miligramu 500 chaweza kumuua. Akihema kwa mdomo wazi, au akivuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika akiwa amelala, ondoka naye saa hiyo.

Nenda na daftari la uzito na maji, na video ya simu akila. Palipo na shida ya maabara, vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu husaidia kutafuta sukari. Mwekee beseni safi lenye changarawe zilizooshwa na kukaushwa badala ya mchanga, vuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, upime ukiwa bado mpya. Sukari kwenye mkojo ina uzito kuliko sukari ya damu iliyopimwa mara moja, maana hofu peke yake hupandisha sukari ya damu ya paka. Sehemu ya kijiti inayopima chembe nyeupe za damu usiiamini, kwa paka hudanganya.