Kadi mbili za njano

Jumamosi alfajiri tunaondoka Dar kwa gari, mimi, mama na mdogo wangu, tunaenda Nairobi kumwona mama mkubwa. Miguu inamsumbua siku hizi, hawezi tena kupanda basi kuja huku. Tunapitia Namanga. Meza ya sebuleni imejaa makaratasi na mama kila akipita anauliza, "hizi zote ni za kuvukia mpaka tu?" Ndiyo mama, zote.

Mwaka juzi tulipata shida wakati wa kurudi. Pale mpakani meza ya afya wakaomba kadi ya njano, mimi nikatoa ile ya bima. Hapo ndo nikajua ziko mbili jamani. Ya kwanza ni ya COMESA (ule umoja wa soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), hiyo ni bima ya gari, maana bima ya kawaida ya Bongo haivuki mpaka kwa hiyo unarudi kwa waliokukatia bima unawaambia unaenda Kenya wanakutolea kadi (Tanzania ilishatoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye hii kadi bado tumo). Ya pili ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni ya mtu, kila mtu na yake. Yangu niliiacha kwenye droo nyumbani, na mama hakuwa amechanjwa kabisa. Tulikaa pale karibu masaa matatu mpaka wakaturuhusu, mama yuko kwenye benchi kashika pochi mapajani, haongei. Iliniuma sana.

Halafu usiende kuchanja siku moja kabla ya safari, cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Mama nilimpeleka mwezi uliopita, daktari akamuuliza maswali mengi kwanza kwa sababu kashavuka miaka 60 na watu wa umri huo wanatakiwa waangaliwe vizuri kabla ya kuchomwa hii chanjo, so kama unasafiri na mzazi tenga muda. Uzuri ni kwamba ukichanja mara moja imetoka, ile ya kurudia kila miaka 10 iliisha 2016.

Gari ni la kaka, kadi ya gari ina jina lake, kwa hiyo ameniandikia barua ya ruhusa na wakili kaigonga muhuri. Gari likiwa la mkopo utahitaji na barua ya benki. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari chenye tarehe ya mwisho, ukipitiliza ni faini, mimi tarehe naiweka kwenye simu hapohapo dirishani.

Jana nilikuwa kwa fundi. Brekipedi kabadilisha, oili pia, mimi nikajua tumemaliza, kumbe akafungua buti akabonyeza tairi la spea kwa kidole gumba likaingia ndani kama andazi. Yaani ningetembea nalo hivyohivyo, Chalinze, Segera, Same mpaka Arusha, nikiamini nina spea! Kalijaza upepo, kakagua jeki na spana, triangle mbili zipo, mtungi wa kuzimia moto upo. Njiani ni kuheshimu spidi ya 50 kwenye vijiji, tochi za trafiki za kupima spidi ziko nyingi na watoto wanavuka kwenda shule. Kenya nao wanaendesha kushoto kama sisi, hapo hakuna presha.

Kitu kingine ni rambo. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, sisi 2019, ila majumbani bado ipo ya zamani na mama alishafunga khanga za dada yake kwenye mmoja. Nikamwambia, akazitoa moja moja akazikunja upya akazipanga kwenye kikapu cha ukindu. Kadi yake ya chanjo kakataa niichanganye na makaratasi yangu, kaiweka katikati ya pasipoti yake na kuifunga na rababendi, iko kwenye pochi tangu Jumanne.