Kete za Go: ubao ninaugeuza upande wa pili

Jumamosi. Ubao wangu wa Go, ule mchezo wa Asia Mashariki wa kuzingira nafasi kwa kete nyeusi na nyeupe, umerudi kutoka kwa fundi wa Keko, na hauchezeki. Mninga wenyewe safi kabisa, umepigwa randa ukateleza. Mistari 19 kwa 19 niliichora mimi, na kosa ni langu: niliacha milimita 20 kati ya mstari na mstari, kisha nikaagiza kete za kioo bila kuuliza upana wake. Leo nimezipanga kumi zikigusana kando ya rula: milimita 220. Kila moja 22, basi. Kwenye Go kete hukaa pale mistari inapokutana, kwa hiyo kete mbili jirani hugawana nafasi iliyo kati yao. Nafasi ni 20, kete ni 22. Ukiweka ya tatu safu nzima inasogea. Tulipofika kwenye mapigano ya pembeni, mdogo wangu akaniuliza kete yake iko kwenye makutano yapi. Sikuweza kumjibu.

Jumapili. Nimejaribu komwe za jirani yetu mzee, mcheza bao wa siku nyingi. Zinabingirika. Bao lina mashimo ya kuzipokea, huu ubao ni bapa. Halafu bao linataka kete 64 tu. Go inataka nyeusi 181 na nyeupe 180.

Jumatano. Vipimo vya Kijapani vimenifungua macho. Nafasi ni milimita 22 kwa upana na 23.7 kwa urefu, kwa sababu mchezaji anautazama ubao kwa mshazari na urefu huonekana umefupika. Kete nyeupe ni 21.9, nyeusi 22.2, maana cheupe jichoni huonekana kikubwa kuliko cheusi. Zangu zote zina kipimo kimoja, na kweli, nikizisambaza, nyeupe zinaonekana zimenenepa. Sasa siwezi kuacha kuliona hilo.

Unene ndio ulionichukua jioni nzima. Upana unafungwa na mistari, lakini unene ni wa mkono wako: za Kijapani zipo za milimita 7, zipo zinazopita 10. Nilimpelekea mzee kete ya plastiki ya 6 niliyoanza nayo, na hii ya kioo ya 9.

"Shikamoo mzee. Ipi inakukaa?"

"Marahaba. Hii nene, mwanangu. Ile nyingine ni kifungo cha shati, naitafuta kwa kucha."

Akaigonga juu ya ubao mara tatu, akisikiliza. Nami nikasikia: ile nyembamba inalia kavu, hii inatoa mlio uliojaa.

Jumamosi. Bahati fundi aliacha ubao mpana, sentimita 46 kwa 50. Nimeugeuza. Mistari itachukua milimita 396 kwa karibu 427, pembeni pakibaki pa kutosha. Nimechora saba ya kwanza, nikaweka kete tano kupima: zimesimama karibu karibu, hakuna iliyomsukuma mwenziwe. Wino bado mbichi. Iliyobaki nitaichora kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali barazani.